Filamu kuhusu utengenezaji wa filamu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Kampala

Kila tunapotundika shuka ukutani na kuwasha projekta, maswali huwa ni yale yale. Yanakuja kwa Kiswahili, kwa Kiganda, na kwa ile lugha ya mtaa wa Kisenyi yenye kila kitu ndani yake. Nimeyakusanya pamoja na majibu yangu. Mimi si mwalimu wa chuo, ni mtu wa kamera ninayekula kwa kamera, na nina upendeleo wangu ambao hautachelewa kuonekana.

Filamu kuhusu filamu ndiyo ipi hasa?

Nyingine ni makala za hali halisi: mpiga picha mkuu (anayesimamia kamera na taa) au mwongozaji anahojiwa, kazi zake zinaonyeshwa, mnajifunza. Nyingine ni hadithi za kubuni ambazo wahusika wake wako kwenye seti wakirekodi. Halafu kuna zile zilizorekodiwa pembeni wakati filamu nyingine inatengenezwa, na mara nyingi aliyeshika kamera ya pili ameona mengi kuliko alivyotarajia.

Hizo za mwisho ndizo tamu. Chukua *Hearts of Darkness* ya 1991. Mwaka 1976 Eleanor Coppola alikuwa Ufilipino na mumewe Francis, yeye akirekodi huku mume akihangaika na *Apocalypse Now*. Kimbunga kinabomoa seti. Mwigizaji mkuu, Martin Sheen, anapata mshtuko wa moyo. Helikopta walizokodishiwa na jeshi la nchi zinaondoka katikati ya kazi kwenda kupigana na waasi. Ukiwahi kukatikiwa umeme wakati bwana harusi anavishwa pete, utajiona una ndugu Hollywood.

Nianze na ipi?

*Visions of Light*, ya 1992. Inachukua kama saa moja na nusu, na karibu wote wanaozungumza ndani yake ni wapiga picha wakuu, watu ambao kwa kawaida hawahojiwi.

Tafuta sehemu ambapo Conrad Hall anaeleza picha moja ya *In Cold Blood*, filamu ya 1967. Mfungwa amesimama dirishani usiku wa kunyongwa kwake, nje mvua inanyesha. Hall aliweka taa kali nje ya dirisha. Maji yanateremka kwenye kioo, taa inapita kati yake, na kivuli cha matone kinateleza juu ya uso wa mwigizaji. Mwigizaji halii, bali kivuli ndicho kinacholia. Hall anasema hakuna aliyepanga: aliona tu linatokea akalitumia. Mimi huwa nasimamisha filamu hapo na kuwauliza vijana taa iko wapi, iko juu kiasi gani, na kioo kiko umbali gani na uso. Wengi hukosea mara ya kwanza.

Baada yake anakuja Gordon Willis na *The Godfather*, ambako taa zimewekwa juu ya kichwa cha Marlon Brando hadi macho yake yanapotelea gizani. Studio haikufurahi. Leo kila mtu anaiga.

Kasoro ya *Visions of Light* ni kwamba imejaa Hollywood na wanaume, na iliisha kabla kamera za dijitali hazijaanza. Ndiyo maana orodha haiwezi kuishia hapo.

Mimi ninarekodi kwanjula (sherehe za kutambulisha wachumba) na harusi tu. Hizi zitanisaidia nini?

Mengi kuliko unavyodhani, na nitakupa mifano mitatu ya kazi yako ya Jumamosi.

Kwanza, jua. Néstor Almendros alirekodi sehemu kubwa ya *Days of Heaven*, iliyotoka 1978, katika dakika chache baada ya jua kuzama, mwanga ukiwa laini na hauna kivuli kikali. Ilirekodiwa Alberta, Kanada, akapata Oscar. Sasa vijana wetu wanasikia habari ya "saa ya dhahabu" kwenye mafunzo ya YouTube, wanawaambia maharusi wasubiri hadi jioni, halafu wanashangaa giza limeingia kabla hawajabadilisha lenzi. Kanada jua hushuka mshazari na jioni hujivuta. Hapa tuko kwenye ikweta. Ukitoka Kampala kwenda Masaka unaivuka pale Kayabwe. Jua letu linazama wima, na baada ya kuzama una kama dakika ishirini tu, iwe Januari au Julai. Kwa hiyo panga kila kitu mapema: familia zimesimama, mahali pamechaguliwa, lenzi iko tayari. Na saa sita mchana, jua likiwa utosini na macho ya bibi harusi yamegeuka mashimo meusi, mpeleke chini ya mwembe au ukingoni mwa hema, umgeuzie uso kule mwanga unakotoka. Shuka jeupe lililotandikwa chini litarudisha mwanga usoni bila gharama.

Pili, mshumaa. Katika *La Nuit américaine* ya François Truffaut, ya 1973, tunaona mshumaa wa seti uliofichwa balbu upande usiotazama kamera, ili uso wa mwigizaji upate mwanga ambao mwali peke yake hauwezi kutoa. Leo taa ndogo ya LED inatosha kufanya kazi hiyo kwenye meza ya keki. Filamu yenyewe ni raha tupu. Truffaut mwenyewe anaigiza mwongozaji, na kuna mahali kikosi kizima kinasimama kumsubiri mtoto wa paka anywe maziwa kwenye sinia. Paka hataki. Wanarudia, hataki. Mwishowe analetwa paka mwingine. Aliyewahi kumrekodi mtoto wa kushika pete ataelewa.

Tatu, sauti. *Singin' in the Rain* ya 1952 inachekesha, lakini inaeleza vizuri kilichotokea Hollywood sinema ilipoanza kusema mwishoni mwa miaka ya 1920. Maikrofoni wanaificha kwenye kichaka, mwigizaji anageuza shingo na sauti inapotea. Wanaihamishia kwenye nguo yake, inanasa mapigo ya moyo. Badilisha jina la mwigizaji uweke msemaji wa upande wa bwana harusi, yule anayezunguka huku na huko akitaniana na ssenga, shangazi wa bibi harusi, na tatizo ni lile lile.

Uganda inaingia wapi katika historia hii?

Swali hili nalipenda kuliko yote, kwa sababu muulizaji huwa anatarajia nitamjibu "karibu hakuna".

Tazama *Cameraman: The Life and Work of Jack Cardiff*, ya 2010. Cardiff ni Mwingereza aliyejifunza mwanga kwa kutazama michoro ya akina Vermeer na Caravaggio, na akawa bingwa wa Technicolor, mfumo wa zamani wa filamu za rangi. Mwaka 1951 alikuja huku na mwongozaji John Huston kurekodi *The African Queen*. Walianzia Kongo, kisha wakaja Uganda: Butiaba kwenye Ziwa Albert, na Maporomoko ya Murchison. Humphrey Bogart na Katharine Hepburn walikuwa wageni wa mto wetu.

Usiipite haraka habari ya kamera. Kamera ya Technicolor ya siku hizo ilikuwa na prizma iliyogawa mwanga na kuupeleka kwenye kanda tatu za filamu zinazokimbia kwa pamoja, kila moja ikinasa rangi yake. Kwa kuwa mwanga uligawanywa, ulihitajika mwingi sana. Na kamera yenyewe ilikuwa mzigo wa kubebwa na wanaume kadhaa. Sasa iweke juu ya maji, kwenye joto, pamoja na taa na jenereta. Watu wakaugua malaria na kuhara, kikosi kikayumba. Hadithi inayosimuliwa kila mara ni kwamba Bogart na Huston walinusurika kwa sababu hawakuyagusa maji, walikunywa wiski. Na ukiwaona Bogart na Hepburn wamezama ndani ya maji wakivuta mashua, ujue hapo si Uganda tena. Maji yetu yalionekana ya hatari mno kwa nyota, kwa hiyo sehemu hizo zilirekodiwa kwenye tangi la studio Uingereza. Wenyeji waliokuwa wakivua humo humo kila siku sijui waliionaje hofu hiyo.

Kisha kuna jambo ambalo wapenzi wengi wa sinema hapa hawalijui: yule Almendros wa *Days of Heaven* alisharekodi Uganda. Ndiye aliyeshika kamera kwenye filamu ya Barbet Schroeder kuhusu Idi Amin, iliyotoka 1974. Inaitwa picha ya nafsi, na kwa kweli Amin anajiongoza mwenyewe: anapanga matukio, anamwonyesha mpiga picha kitu cha kurekodi, hata muziki unaosikika anaupiga yeye kwa kodiani. Kamera inakaa tu na kusubiri. Kwenye kikao cha mawaziri haikwepi nyuso za waliokaa kimya. Waziri wa mambo ya nje anasemwa mbele ya wenzake, na filamu inatuambia kwamba wiki mbili baadaye maiti yake ilikutwa mtoni Nile. Filamu ilipoonyeshwa Ulaya, Amin alidai sehemu fulani zikatwe. Schroeder alipokataa, Wafaransa waliokuwa Uganda walikusanywa wakashikiliwa hadi akakata. Dakika hizo zilirudishwa baada ya Amin kuanguka. Wazee wengine hawataki kuiona, na mimi huwa simlazimishi mtu.

Baadaye walikuja wengine. Mira Nair alirekodi hapa *Mississippi Masala*, iliyotoka 1991, mpiga picha akiwa Ed Lachman. Kevin Macdonald alileta *The Last King of Scotland* mwaka 2006. Mira Nair akarudi na *Queen of Katwe* ya 2016, picha zikiwa za Sean Bobbitt, na alishaanzisha Maisha Film Lab Kampala mwaka 2004, ambako vijana wengi wa Afrika Mashariki wamepita. Ukitaka kujua kwa nini Katwe ya Bobbitt ina rangi zile, nenda Katwe saa moja asubuhi uangalie kuta na nguo zilizoanikwa. Alikuta tayari zipo.

Na Wakaliga, mtaa wetu wa filamu za mapigano?

Iangalie *Once Upon a Time in Uganda*, ya 2021. Inamfuata Isaac Nabwana, mwenyewe anajiita Nabwana IGG, na Mmarekani Alan Hofmanis aliyeacha maisha yake New York akaja kuishi Wakaliga baada ya kuona dondoo ya *Who Killed Captain Alex?*, filamu ya 2010 inayosemekana kugharimu chini ya dola 200.

Wageni huja kucheka, nami nawaruhusu wacheke dakika kumi. Kisha nawaonyesha mikono. Bunduki zimeundwa kwa vyuma chakavu. Damu ni rangi ya chakula ndani ya kondomu inayopasuliwa kifuani. Kompyuta Nabwana ameiunganisha mwenyewe kwa vipuri. Utotoni hakuwa mtu wa kwenda sinema. Kaka zake walikwenda, wakarudi wakamsimulia. Ukishajua hilo, ule mwendo wake wa kuhariri, ambapo hakuna kinachosubiri kinachofuata, unaanza kueleweka: ndivyo mtoto anavyosimuliwa pigano na kaka yake.

Lawama yangu kwa makala hii ni kwamba inampenda mno yule mgeni. Harriet, mke wa Nabwana, anastahili muda zaidi ya aliopewa.

Niangalie zilizotafsiriwa na VJ (msimuliaji anayetafsiri filamu kwa sauti yake juu ya picha), au hiyo ni kuharibu kazi ya watu?

Kwa filamu ya mapigano, VJ ni haki yako ya kuzaliwa. Toleo la *Captain Alex* linalojulikana duniani kote lina sauti ya VJ Emmie juu yake, na bila yeye ni filamu nyingine. Tanzania wanamkumbuka Lufufu, Kenya wana DJ Afro, sisi tuna akina VJ Jingo. Kibanda chetu cha video na kibanda umiza cha Dar vinajuana.

Na wala si jambo la jana. Kati ya 1935 na 1937 kulikuwa na mradi wa Waingereza ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, wenye makao Vugiri, Tanganyika, uliozungusha filamu za mafunzo kwa gari hadi Uganda, maelezo yakitolewa kwa lugha za wenyeji. Sauti ya mtu wetu juu ya picha ilianza kama amri ya serikali: chimba choo, lipa kodi, panda vizuri. VJ aliichukua nafasi ile ile akaweka utani.

Lakini kwa *Visions of Light*, hapana. VJ akizungumza juu ya Gordon Willis hutabaki na chochote.

Kwa nini watu weusi hutoka vibaya kwenye picha? Kuna filamu inayoeleza?

Si ngozi. Kwa miongo mingi maabara za picha zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi yenye sura ya mwanamke mzungu, kadi zilizoitwa Shirley. Akitoka vizuri yeye, kazi imekwisha. Mabadiliko makubwa kwa upande wa Kodak yalichochewa pia na watengenezaji wa chokoleti na samani za mbao waliolalamika kwamba rangi za kahawia hazitofautiani. Fikiria hapo: chokoleti ilisikilizwa.

Kamera za leo zina uwezo, ila mipangilio ya kujiendesha yenyewe bado inakosea, hasa bibi harusi mweusi akiwa na gauni jeupe pepe. Pima mwanga usoni, si kwenye gauni. Paka mafuta kidogo kwenye ngozi na utumie chanzo kikubwa cha mwanga kutoka ubavuni. Ngozi yetu hupendeza kwa kung'aa zaidi kuliko kwa kumulikwa. Kwa mfano wa kujifunzia, tazama *Mudbound* ya 2017, iliyomfanya Rachel Morrison kuwa mwanamke wa kwanza kuteuliwa Oscar ya upigaji picha.

Filamu ya ukanda au dijitali?

*Side by Side*, 2012. Keanu Reeves anawauliza wakubwa wote swali hilo na hawakubaliani. Kwetu swali lilishajibiwa na bei.

Ya zamani isiyo na sauti nitaiwezaje? Nitalala.

*Man with a Movie Camera* ya Dziga Vertov, 1929, haikupi nafasi ya kulala. Haina hadithi wala waigizaji, ni siku moja ya mji tu, na mpiga picha anayepanda juu ya madaraja na magari kuitafuta. Kuna mahali farasi anakimbia, ghafla picha inaganda. Inaganda sura ya mtoto pia. Kisha tunaona kipande cha ukanda chenye sura ile ile, kiko mikononi mwa mhariri, Elizaveta Svilova, aliyekuwa mke wa Vertov. Anakata, anaunganisha, na mtoto anaanza kucheka tena. Miaka karibu mia imepita na sijaona maelezo bora ya kazi ya uhariri.

Za Waafrika wenyewe zipo?

Zipo, na ni ngumu kuzipata kuliko inavyostahili. *Caméra d'Afrique* ya Mtunisia Férid Boughedir, 1983, inapitia miaka ishirini ya kwanza ya sinema ya bara hili. *Sembène!* ya 2015 ni kuhusu mzee wa sinema wa Senegal aliyeanza kama mfanyakazi bandarini Marseille.

Ila ninayoipenda ni *Talking About Trees* ya Suhaib Gasmelbari, 2019. Wazee wanne wa Sudan, wote wamesomea sinema, wanataka kufungua tena jumba la sinema lililokufa Omdurman kwa usiku mmoja. Hakuna makelele. Wanafagia, wanajaribu spika, wanasubiri kibali, wanataniana. Umeme ukikatika mmoja wao anaigiza sinema gizani. Ukiishi Kampala utaguswa, kwa sababu Norman, sinema yetu kubwa ya zamani, iligeuzwa kuwa kanisa linaloitwa Watoto Church, na vijana wanaopita hapo Jumapili wengi wao hawajui.

Wanawake?

*Be Natural*, ya 2018, inamfufua Alice Guy-Blaché aliyeanza kuongoza filamu 1896 na kusahauliwa na vitabu. Lakini mpiga picha aanze na *Cameraperson* ya Kirsten Johnson, 2016: vipande alivyorekodi kwa ajili ya filamu za watu wengine, vilivyobaki mezani. Unamsikia akipumua na kupiga chafya nyuma ya kamera. Na muulize yeyote kuhusu *Imani* ya Caroline Kamya, 2010, iliyofika Berlin kutoka hapa hapa.

Ni lazima nimalize saa 15 zote za *The Story of Film*?

La. Ni mfululizo wa Mark Cousins kuhusu historia ya sinema: angalia sehemu moja kwa wiki, na usiruke zile anapofika Dakar.

Mtoto wangu wa miaka tisa anataka kuja.

Siku ya *Hugo*, ya 2011. Inamwonyesha Georges Méliès, Mfaransa wa mwanzo wa sinema, akitengeneza filamu zake za maajabu. Ya Amin hapana.

Nazipata wapi, na bando langu lenyewe hili?

Ya Vertov imo mtandaoni bure, haki zake zimeshakwisha kwa umri. *Captain Alex* Wakaliwood, studio ya Nabwana, wameiweka wenyewe YouTube. Ichukue hapo, si kwa mwenye flashi. Nyingine hukodishwa mtandaoni, na mkigawana watu watano haizidi sana bei ya rolex, ile chapati ya mayai. Alliance Française na Goethe-Zentrum huonyesha filamu ambazo kumbi za maduka makubwa hazigusi, kwa hiyo fuatilia ratiba zao. Tamasha la Filamu la Uganda lipo tangu 2013, na mwenye nauli aende Zanzibar kwenye tamasha la ZIFF, ambako makala kutoka Afrika Mashariki ni nyingi na nyingine hutaziona popote pengine.

Ukija kwetu njoo kabla ya saa moja jioni, na kiti chako.